Nenda Chemchemi ya Kondoa Kiangazi, na Uende Asubuhi

Mvua zikishaanza, majirani zangu hapa Kisasa, Dodoma, huniuliza swali lile lile: "Mama Zuhura, lini unatupeleka kwenu Kondoa tukaone chemchemi?" Nami huwajibu vile vile kila mwaka. Ngojeni mvua ziishe. Ngojeni majani yakauke, mbuzi waanze kula maganda ya migunga, vumbi liwaingie hadi masikioni. Mwezi wa tisa ukifika, nibishieni hodi.

Wananiona mkaidi, lakini nina sababu. Ukienda Machi, nchi nzima ni kijani, na miti ya chemchemi inapotea katikati ya kijani kingine. Utapiga picha, utasema pazuri, utarudi. Ukienda Septemba unatoka Dodoma, unapita Makutupora, Mayamaya, Chemba, kilomita kama 160 za mibuyu iliyopukutika na ardhi nyekundu isiyo na hata jani la kumfichia panzi. Kisha unafika Kondoa, unatembea kidogo, na mbele yako kuna kivuli kizito. Hewa inabadilika shingoni kabla macho hayajaona kitu. Unasikia maji. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini mji ulikaa pale na si penginepo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua mwezi. Kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukitaka kuona maji yasiyotegemea mvua ya jana, njoo kati ya Agosti na mwanzo wa Novemba. Juni na Julai ni sawa pia, ila beba sweta. Kondoa iko juu kuliko Dodoma, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za kipupwe zinauma vidole.

Jambo la pili ni saa. Panda basi la alfajiri. Barabara sasa ni lami tupu, si kama zamani tulipokuwa tunalala njiani gari limekwama kwenye tope na abiria tunasukuma. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili na nusu hadi tatu. Kaa upande wa kushoto wa basi. Asubuhi unaelekea kaskazini na jua linatokea kuliani. Jioni ukirudi kusini, jua liko magharibi, tena kuliani. Kushoto kwenda, kushoto kurudi, na ukiwa na mtoto mgongoni utanishukuru.

Ukishuka mjini, bodaboda au bajaji yoyote ukisema "chemchemi" inakuelewa. Lakini mimi hupenda kwanza kunywa chai. Kaa kwenye kibanda cha mama mmoja, agiza chai ya rangi na vitumbua, muulize habari za maji mwaka huu. Atakwambia kama yamepungua, kama kuna kazi ya mabomba inaendelea, kama kuna wazee wana shughuli yao siku hiyo. Habari hizo huzipati kwenye simu. Na kama mnaenda watu wengi, pitieni ofisi ya mtaa mjitambulishe. Pale ni chanzo cha maji, si uwanja wa michezo, na mwenye mji ana haki ya kujua nani anaingia kwake. Chukua nauli ya ziada, uwe na chenji.

Vya kubeba ni vichache. Mkeka mmoja. Maji yenu ya kunywa. Raba zenye meno, kwa sababu udongo wa kando ya maji unateleza na ndala zimewaangusha wengi. Khanga ya kujifunika mbu wakianza. Mfuko wa kurudisha taka. Chakula mimi hupika makande usiku, nayatia kwenye chombo kisichopitisha moto, na chupa ya maji ya ukwaju. Sabuni acha nyumbani, na hili nalisema kwa kusisitiza. Mwaka mmoja tulikodi gari, mimi na wanawake wa kikundi chetu. Tulipokuwa bado tunatandika mkeka, dereva alilisogeza gari hadi karibu na mkondo, akachota ndoo, akaanza kuliosha. Povu likashuka taratibu kuelekea walipokuwa wasichana wawili wenye madumu. Nilimwendea. Nilimwambia, "Baba, hao wanangu wanapeleka maji hayo jikoni." Aliacha, lakini povu lilikuwa limeshapita. Siku hiyo sikula.

Sasa umefika. Usikimbilie maji. Simama pale kivuli kinapoanza na ujaribu kitu kimoja: geuka ulikotoka, hesabu hatua mpaka utimize mita 60. Kwa miguu yangu mifupi ni hatua kama 100. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kukiharibu. Wengi tumesikia habari za hizo mita 60 kwenye mikutano ya mtaa, ila wachache tumezipima kwa miguu. Nikienda na wajukuu, hii ndiyo kazi yao ya kwanza. Wakishahesabu, nawaambia waangalie ndani ya hatua hizo kuna nini: miti mingapi, visiki vingapi, bustani ya mchicha ipo au haipo. Wanakuwa wakali kuliko bwana afya.

Kisha miti. Mti wa kumsalimia kwanza ni mkuyu. Utaujua kwa shina lake la rangi ya manjano iliyopauka, kama ngozi ya mtu aliyepakwa unga, na kwa matunda yanayoota kwenye shina na matawi manene, mafungu mafungu, badala ya kuning'inia ncha za matawi kama maembe. Mkuyu unapenda miguu yake iwe majini. Wazee wetu walipotafuta mahali pa kuchimba kisima, mkuyu ulikuwa alama yao. Okota kuyu lililoiva, lipasue kwa kidole. Ndani utaona vijiuzi vingi vimejipanga kuelekea katikati. Hivyo ni maua. Mkuyu unachanua ndani ya tunda, gizani, na wa kuyachavusha ni nyigu mdogo kama punje ya ulezi anayeingia kwa tundu lililo kwenye ncha ya tunda. Mara nyingi utawakuta mle ndani. Mjukuu wangu Swaumu alipowaona mara ya kwanza alilitupa kuyu akapiga kelele, kisha akaliokota tena, akakaa nalo nusu saa nzima amelisogeza puani.

Kaa chini ya mkuyu wenye matunda, unyamaze kwa muda wa kumaliza chai ya kikombe kimoja. Wenye mti watarudi. Ninga, wale njiwa wa kijani, unasikia matunda yanadondoka kabla hujawaona, maana rangi yao na ya majani ni moja. Hondohondo wana kelele, hao hawajifichi. Mdiria yeye hana habari na matunda, tafuta tawi lililoinama juu ya maji. Tumbili wakiwepo, fungeni makande.

Kuhusu maji yenyewe, tafuta sehemu yanapochipuka, usiishie kwenye mkondo. Piga magoti uangalie mchanga. Unacheza. Punje zinainuka, zinajikunja, zinashuka, zinainuka tena, kama uji unaoanza kuchemka, ila ukitia mkono ni baridi. Hayo ni maji ya mvua iliyonyesha milimani, ikazama kwenye udongo, ikapita kwenye nyufa za mwamba, ikakutana na mahali pa kutokea. Hayakuanguka jana. Ndiyo maana yanatoka Oktoba wakati mbingu ni kavu. Na ndiyo maana kinachofanyika kwenye vilima vya juu, mbali na macho yako, ndicho kinachoamua kama mchanga huu utacheza miaka ijayo.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu kama unakwenda Kondoa bila kujua habari ya vilima vyake, umeona nusu.

Nilipokuwa msichana, vilima vya Irangi vilikuwa vimechubuka. Mvua ikinyesha, maji hayakuzama, yalikimbia mekundu kama damu ya machinjioni, yakichimba makorongo ya kuingia nyumba na paa lake. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe tukiuita HADO. Walichimba makinga maji, walipanda miti. Haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, takriban 90,000, wakaswagwa.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Aliwapeleka kwa ndugu, mbali, chini tambarare, akarudi kwa miguu na fimbo tupu. Hakuongea siku tatu. Mama alimpikia mlenda anaoupenda, akausogeza pembeni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikichukia kile kifupi cha herufi nne, HADO, kuliko kitu chochote duniani.

Miaka miwili baadaye nikaajiriwa kibarua kwao. Kitalu cha miche. Kazi yangu ilikuwa kujaza viriba: udongo wa msituni, samadi, mchanga, unachanganya, unashindilia kwa kidole gumba ili kisibaki na hewa, unavipanga mistari. Siku nzima. Kucha zangu zilikuwa nyeusi hadi kwenye nyama. Tulipanda mijohoro mingi. Lakini kilichonigeuza moyo si miche yetu. Ni nyasi. Zilirudi zenyewe pale ambapo hakuna kwato iliyokanyaga, kwanza kama nywele za mtoto mchanga, kisha hadi magotini. Nikamwona baba siku moja amesimama kwenye ukingo wa korongo la nyuma ya nyumba, anatazama majani yaliyoota hadi chini. Alisema tu, "Kumbe lilikuwa linauma." Sijui alikuwa anasema korongo au moyo wake. Baadaye, kuelekea miaka ya 1990, tuliruhusiwa kufuga tena, ng'ombe wa maziwa wa ndani ya banda, unamkatia majani unamletea. Baba alifuga mmoja, jina alimwita Subira.

Sikwambii haya ili uamue nani alikuwa na haki. Wapo waliopoteza kila kitu na hawakurudishiwa, na hasira yao ni ya kweli. Nakwambia ili ukishamaliza kuangalia maji, uinue macho. Ukiona kilima chenye majani, jua kuna fimbo tupu ya mtu ilirudi nyumbani. Na ukikuta mzee amekaa karibu, usimpite. Msalimie vizuri, "Shikamoo babu," ungoje marahaba yake, umuulize mwaka 1979 alikuwa wapi. Zima simu kwanza. Wengine watakwambia hadi adhuhuri.

Historia ya zamani zaidi nayo iko hapo hapo chini ya miti. Kondoa Irangi ilikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na msafara hausimami pasipo na maji. Wengine walibaki, wakaoa, wakajenga, na ndiyo maana mpaka leo utasikia adhana nyingi na utakuta pilau ya Ijumaa isiyo na mfano. Wajerumani nao wakaja wakaweka boma. Kisha vita vya kwanza vya dunia: Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini, upande wa Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer, wapanda farasi, liliuteka mji, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akaja na askari wake kujaribu kuutwaa tena, akashindwa. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, farasi walikufa kwa maradhi, wapagazi wakabeba kilichobaki. Mimi nikikaa pale huwafikiria hao wapagazi. Waliobeba masanduku ya risasi kichwani, wakafika Kondoa, wakapiga magoti wakanywa. Majina yao hayasomwi popote.

Watoto. Wataomba kuingia majini. Pale maji yanapochipuka hapana, hata kidole cha mguu. Chini, mkondo unapotulia na kuota majani, pia hapana, ila kwa sababu nyingine: kichocho. Minyoo yake hukulia ndani ya konokono wadogo wa maji yaliyotulia, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu bila kumuuma, hasa jua linapokuwa kali kuelekea mchana. Nimeuguza mtoto wa kichocho, nimeona mkojo wa damu. Wape watoto kazi nyingine. Wahesabu aina za majani. Wachore. Wasikilize nani atamtambua ndege kwa sauti.

Heshima ya mahali ni pamoja na kutoshika usichokijua. Ukikuta kitambaa kimefungwa kwenye mti, chungu kimeinamishwa au unga umemwagwa kwenye mizizi, zunguka. Si lazima uamini wanachoamini wenyewe. Watu wa Irangi, pamoja na misikiti yao na makanisa yao, wanajua mahali pa kuombea mvua, na mti ambao babu alisimama chini yake hauchukuliwi tawi la kuchomea mahindi. Usipige picha wanawake wanaochota maji bila kuomba. Wewe uko matembezini, wao wako kazini, na nguo waliyovaa si ya picha.

Nyuki wapo pia. Usijipulizie manukato, usirushe jiwe kwenye tundu la mti.

Na Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani, je? Kila mtu ananiuliza, kwa kuwa michoro ya miambani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 na watu hudhani Kondoa ni michoro tu. Iko kaskazini, barabara hiyo hiyo ya kwenda Babati, unapitia ofisi ya wasimamizi wa michoro pale Kolo unapewa wa kukuongoza, na kupanda kilima kunahitaji mapafu. Nenda, lakini siku ya pili. Lala Kondoa. Anayebana chemchemi na Kolo siku moja anaishia kukimbia kote kuwili, na mwambani anafika jua la saa nane, amechoka, michoro yenyewe hata haioni vizuri kwa mwanga mkali.

Kama unarudi Dodoma siku hiyo hiyo, kunja mkeka saa nane mchana. Zungukeni mlipokaa, kila mtu aokote, hata kisicho chenu. Pitia sokoni ununue asali na unga wa ulezi. Asali iangalie kwenye mwanga na uionje, muuzaji mwaminifu hakatai. Muulize kondakta mapema gari la mwisho linaondoka saa ngapi, na umuulize mtu wa pili, kwa sababu makondakta wote wanasema "tunaondoka sasa hivi."

Mara ya mwisho nilikwenda na Swaumu na mdogo wake. Tulikaa kushoto, kama nilivyosema. Kabla ya Chemba wote wawili walikuwa wamelala, mmoja kila paja. Nilipomvua Swaumu sweta usiku ule nyumbani, mfukoni mwake mlikuwa na makuyu matano yaliyopondeka, na nyigu mmoja, mzima, akatoka akitembea polepole juu ya shuka.